Kunasa, Kusharabu au Kutoweka? Pioni Hasi, Miale ya Gama na Mzigo wa Kitenzi

Utangulizi

Mgonjwa wa saratani anayetoka mtaa wa Makongeni mjini Thika kwenda kutibiwa hufuata barabara kuu ya Thika, akapita Juja, akapita Ruiru, hadi Kahawa, ilipo Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hospitali hiyo ilianza kupokea wagonjwa mwaka wa 2019. Ina mashine za kutibu kwa mionzi, na ina pia saiklotroni, yaani mtambo wa kuzidisha kasi ya chembe, ambao hutumiwa kutengeneza dawa zenye unururifu za kupigia picha za ndani ya mwili. Katika safari hiyo moja mgonjwa huwa amevipita vyuo vikuu vitatu vyenye majina makubwa: Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichoko Thika, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, na Chuo Kikuu cha Kenyatta chenyewe. Katika vyuo hivyo fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, nacho Kiswahili hufundishwa kama somo miongoni mwa masomo.

Jioni mgonjwa anaporejea nyumbani, swali analoulizwa na jamaa zake haliulizwi kwa Kiingereza. Je, mionzi aliyopigwa ingalimo mwilini? Je, anaruhusiwa kumbeba mjukuu wake? Swali hili ni la fizikia, lakini jibu lake limefungwa ndani ya kitenzi. Akiambiwa kwamba mwili wake "umefyonza" mionzi, ataelewa kuwa mionzi hiyo imekaa ndani yake kama maji yakaavyo katika kitambaa. Atamkataza mjukuu asimkaribie, na huenda wala hatathubutu kumweleza mtu sababu. Kitenzi kimoja kisichofafanuliwa kitakuwa kimemtenga mtu na jamaa yake bila haja.

Makala haya yananuia kueleza tukio moja la fizikia ambalo linaudhihirisha ugumu wa kitenzi hicho kuliko mengi mengine: kutolewa kwa miale ya gama pale ambapo kiini cha atomi kinasharabu pioni hasi. Hoja ya msingi ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulieleza tukio hili, ila hakuna neno moja linaloweza kulibeba lote. Anayeeleza hana budi kusema, katika kila hatua, kitu kilichosharabiwa kimekuwa nini.

Gama katika mazingira ya Thika na Ruiru

Mwale wa gama ni nuru. Hautofautiani kwa asili na nuru ya jua ionekanayo kwa macho, wala na mawimbi ya redio. Unachozidi ni nishati inayobebwa na kila kifurushi kimoja cha nuru, ambacho wanafizikia hukiita fotoni. Nishati hiyo hupimwa kwa elektronivolti, yaani nishati ambayo elektroni moja huipata inapovutwa na umeme wa volti moja. Fotoni ya nuru ionekanayo hubeba elektronivolti mbili au tatu hivi. Fotoni ya gama aghalabu hubeba malaki au mamilioni.

Si lazima mtu aende maabara ili akutane na miale hii. Nyumba nyingi za Thika, Juja na Ruiru zimejengwa kwa mawe yanayochongwa katika machimbo ya sehemu hizo, mashuhuri yakiwa mawe ya Ndarugo. Mawe hayo ni ya asili ya volkano, na mawe ya volkano huwa na potasiamu pamoja na chembechembe za urani na thori. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni ya aina iitwayo potasiamu-40, ambayo ni nururifu. Baadhi ya viini vyake vinapobadilika hutoa mwale wa gama wenye elektronivolti milioni 1.46. Katika ukoo wa thori, mwale mashuhuri zaidi ni wa elektronivolti milioni 2.61. Potasiamu-40 imo pia ndani ya ndizi, ndani ya viazi, na ndani ya mwili wa kila msomaji. Kwa hivyo, kauli kwamba mtu fulani "ana mionzi" haina maana pasipo kutaja kiasi na chanzo.

Hospitalini kuna gama ya aina nyingine. Dawa inayotumika zaidi katika picha za positroni huundwa kwa florini-18, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Kiini cha florini-18 kinapobadilika, aghalabu hutoa positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Positroni hukutana na elektroni iliyo karibu, na zote mbili hukoma kuwapo. Mahali pake hutokea miale miwili ya gama inayokwenda pande zinazopingana, kila mmoja ukiwa na elektronivolti laki 5 na elfu 11. Mashine huinasa miale hiyo na kukokotoa ilikotoka.

Hapa tayari kuna fundisho. Positroni haikufyonzwa na elektroni, wala elektroni haikuimeza positroni. Zote mbili zimekoma, na nishati iliyokuwa katika tungamo lao imeondoka kwa sura ya nuru. Pioni hasi nayo hufikia mwisho wa namna hiyo, ila nishati yake ni kubwa mno na njia yake ndefu zaidi.

Pioni ni nini?

Kiini cha atomi kina protoni na nyutroni. Protoni zote zina chaji chanya, na chaji za namna moja husukumana. Kwa nini basi kiini hakisambaratiki? Mnamo 1935 mwanafizikia wa Kijapani Hideki Yukawa alipendekeza kwamba kuna chembe inayopitishwa kati ya wakazi wa kiini na kuwafungamanisha. Alikadiria kuwa tungamo lake lingekuwa kati ya lile la elektroni na lile la protoni. Kwa sababu hiyo chembe za jamii hiyo ziliitwa mesoni, jina lenye asili ya Kiyunani linaloashiria kuwa katikati.

Chembe yenyewe ilipatikana mwaka wa 1947. Cecil Powell, César Lattes, Giuseppe Occhialini na wenzao katika Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliweka mabamba ya picha juu ya milima mirefu, kisha wakayachunguza kwa hadubini. Mwaka huohuo Donald Perkins, Mwingereza, alichapisha picha iliyotokana na mabamba yaliyopandishwa angani kwa ndege. Ilionyesha chembe hafifu ikipunguza mwendo, ikasimama, na papo hapo kiini kilichokuwa karibu kikapasuka na vipande vyake kutawanyika kama miali ya nyota. Wanafizikia waliuita mpasuko huo "nyota". Ulikuwa ni ushahidi wa kiini kilichokutana na pioni hasi iliyosimama.

Pioni ni za aina tatu: chanya, hasi, na isiyo na chaji. Pioni hasi ina tungamo mara 273 ya lile la elektroni, ambalo likigeuzwa nishati ni sawa na elektronivolti milioni 139.6. Isiyo na chaji ni nyepesi kidogo, takriban elektronivolti milioni 135. Pioni hasi ikiachwa peke yake huishi kwa wastani wa sehemu 26 za bilioni moja ya sekunde, kisha hubadilika na kuwa myuoni na chembe nyingine iitwayo nyutrino-kinzani.

Uhai huo mfupi haumaanishi kwamba pioni ziko mbali nasi. Protoni zinazotoka katika anga za mbali hugonga viini vya nitrojeni na oksijeni katika hewa ya juu, zikazalisha pioni kwa wingi. Nyingi kati yake hugeuka myuoni, nazo myuoni huteremka hadi ardhini. Kwenye usawa wa bahari, myuoni moja hivi hupita katika kila sentimita mraba kwa kila dakika. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa huo, hivyo idadi huzidi kidogo. Mkulima anayenyoosha kiganja chake katika shamba la mananasi la Thika hupitiwa na myuoni moja au zaidi kila sekunde, na karibu kila moja ni mzao wa pioni iliyokufa juu ya kichwa chake.

Kunaswa na mporomoko

Pioni hasi inapoingia katika kitu kizito, kama vile maji, kaboni au nyama ya mwili, hugongana na elektroni nyingi na kupoteza mwendo. Inapokaribia kusimama huvutwa na kiini cha atomi mojawapo, kwa kuwa kiini kina chaji chanya. Haitumbukii ndani moja kwa moja. Kwanza hushika mzingo wa mbali kukizunguka kiini, mfano wa elektroni. Hatua hii ndiyo inayostahiki kuitwa kunaswa. Aliyenaswa hajafa, wala hajaliwa. Angali yeye yule, ila hana uhuru wa kuondoka, kama ndege aliyenaswa kwa ulimbo.

Kutoka mzingo wa mbali, pioni hushuka ngazi kwa ngazi. Msomaji aliyewahi kuyatembelea Maporomoko Kumi na Manne ya Mto Athi, karibu na Thika, ana taswira iliyo karibu na jambo hili. Maji hayo hayateremki kwa mteremko laini, bali huangukia kwenye ukingo, yakavuka, yakaangukia kwenye mwingine, na kila anguko lina kishindo chake. Pioni nayo kila inapoanguka kutoka mzingo mmoja hadi mwingine hutoa kiasi mahususi cha nishati. Katika ngazi za juu nishati hiyo aghalabu hutumika kumtimua elektroni mmoja kutoka katika atomi. Katika ngazi za chini hutoka kama mwale wa eksirei.

Ulinganishi huu una mpaka wake. Maji ya Mto Athi yanaweza kusimama popote penye mwamba wa kuyashika. Pioni hairuhusiwi kukaa katikati ya ngazi mbili. Huwa iko kwenye hii au kwenye ile. Tena mizingo ya pioni iko karibu sana na kiini. Kwa kuwa pioni ni nzito mara 273 kuliko elektroni, mzingo wake wa namba ileile huwa mdogo kwa takriban kiasi hichohicho. Inapofika chini, huwa imegusana na kiini chenyewe. Hapo nguvu inayofanya kazi si tena mvuto wa umeme pekee, bali ile nguvu kuu inayofungamanisha kiini. Mwisho wake huja mara moja, kabla pioni haijapata muda wa kubadilika yenyewe.

Hesabu inayotoka ndani ya kiini

Kisa kilicho rahisi zaidi ni cha haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni moja tu. Pioni hasi na protoni zikikutana, chaji zao hufutana. Kuna njia kuu mbili za kuimaliza hesabu.

Katika njia ya kwanza, pioni hutoweka kabisa, protoni hugeuka nyutroni, na mwale mmoja wa gama huzaliwa. Nyutroni na gama huenda pande zinazopingana. Kwa kuwa ni viwili tu vinavyogawana nishati, na kwa kuwa mwendo wa mmoja lazima usawazishe mwendo wa mwenzake, hakuna hiari katika mgawo huo. Gama hupata elektronivolti milioni 129.4, na nyutroni hupata takriban milioni 8.9. Ni hivyo kila mara, pasipo ubaguzi. Mwale huu una nishati inayokaribia mara 90 ya ule unaotoka katika jiwe la Ndarugo.

Katika njia ya pili, pioni hasi hugeuka kuwa pioni isiyo na chaji huku protoni ikigeuka nyutroni. Pioni hii mpya huishi kwa muda mfupi mno hata ikilinganishwa na dada yake, kisha hugeuka miale miwili ya gama. Iwapo ingekuwa imetulia, kila mwale ungepata nusu ya nishati yake, yaani takriban elektronivolti milioni 67.5. Hata hivyo, huzaliwa ikiwa katika mwendo, na hivyo mwale unaoelekea mbele huongezewa na unaoelekea nyuma hupunguziwa. Matokeo ni kwamba nishati ya miale hiyo hutapakaa kati ya milioni 55 na milioni 83.

Mwaka wa 1951 Wolfgang Panofsky, Lee Aamodt na James Hadley walilifanyia jambo hili jaribio katika saiklotroni ya Berkeley, Marekani. Pioni hasi zilisimamishwa ndani ya chombo cha haidrojeni iliyoshindiliwa, kisha miale ya gama ikapimwa. Grafu yao ilionyesha kilele kimoja karibu na milioni 130 na, mbali nacho upande wa chini, uwanda mpana. Kilele ni njia ya kwanza, uwanda ni njia ya pili. Kwa kulinganisha wingi wa hizo mbili ilibainika kuwa zote hutokea kwa wingi. Vipimo vya baadaye viliweka uwiano huo karibu na 1.5, yaani mara sita kati ya kumi pioni hushika njia ya pili. Uwiano huo hadi leo huitwa kwa jina la Panofsky. Aidha, kutokana na upana wa uwanda, watafiti hao waliweza kukokotoa tofauti ya tungamo kati ya pioni hasi na pioni isiyo na chaji, ilhali hii ya pili haiachi alama yoyote kwenye bamba la picha. Gama mbili zilitoa ushahidi kwa niaba ya marehemu asiyeonekana.

Hapa ndipo thamani ya miale hii ilipo. Si takataka za tukio. Ni taarifa kamili ya kilichotokea, iliyoandikwa kwa tarakimu.

Katika viini vikubwa, hesabu huwa na washiriki wengi. Katika kaboni au oksijeni, ile njia ya pili kwa kawaida haiwezekani, maana nishati haitoshi. Njia ya gama moja hubaki, lakini ni nadra: pioni moja au mbili hivi kati ya mia. Zinazosalia nyingi hupokelewa na wakazi wawili wa kiini kwa pamoja, aghalabu protoni na nyutroni, ambao hugawana takriban elektronivolti milioni 140 na kuruka nje pande zinazopingana. Kwa nini wawili? Kwa sababu mmoja peke yake hawezi kusawazisha nishati na mwendo kwa wakati mmoja. Mzigo huo hauinuki kwa mkono mmoja. Kiini cha oksijeni kikipoteza protoni moja na nyutroni moja hubaki kuwa kiini cha nitrojeni, mara nyingi kikiwa katika hali ya msisimko, nacho hutulia kwa kutoa gama ya elektronivolti milioni chache. Kwa hivyo pioni moja inaweza kusababisha miale ya vizazi vitatu: eksirei za mporomoko, gama kali ya pioni yenyewe, na gama za utulivu za kiini kilichobaki.

Pwani ya Kenya na gama za pioni

Msomaji anaweza kudhani kwamba habari hizi zote ni za Berkeley na Bristol. Sivyo. Mnamo tarehe 15 Novemba 1972, setilaiti ya Marekani iliyoitwa SAS-2 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitaliano, lililosimama baharini karibu na Malindi. Miaka miwili kabla yake, tarehe 12 Desemba 1970, dada yake alikuwa amerushwa kutoka jukwaa lilelile, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, alipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Yeye alipima eksirei za anga. SAS-2 ilipima gama.

Setilaiti hiyo ilifanya kazi hadi Juni 1973 na kuonyesha kwamba ukanda wa nyota tuuonao usiku hung'aa kwa miale ya gama. Sehemu kubwa ya mng'ao huo, hasa wenye nishati kubwa, hutokana na protoni zinazogonga gesi iliyotapakaa kati ya nyota na kuzalisha pioni zisizo na chaji, ambazo hugeuka gama mbilimbili kama katika chombo cha Panofsky. Jina Uhuru limeandikwa katika vitabu vya fizikia vya lugha nyingi. Ni neno la Kiswahili lililoingia katika sayansi kama jina la pekee. Maneno ya kawaida ya kuieleza sayansi yenyewe bado yanasubiri mlangoni.

Pioni kama tiba

Uhusiano wa pioni na mgonjwa wa Makongeni si wa kubuni. Kwa kuwa pioni hasi husimama mahali panapoweza kukadiriwa, na kwa kuwa huachilia "nyota" yake papo hapo inaposimama, madaktari waliwaza kwamba ingefaa kuua uvimbe wa saratani bila kuharibu sana nyama iliyo mbele yake. Wagonjwa walitibiwa kwa pioni katika vituo vitatu: Los Alamos nchini Marekani kuanzia 1974, Vancouver nchini Kanada kuanzia 1979, na Villigen nchini Uswisi kuanzia 1980. Kwa jumla walikuwa zaidi ya elfu moja.

Katika miaka ya tisini tiba hiyo ilikomeshwa. Majaribio ya Vancouver yaliyolinganisha wagonjwa wa uvimbe wa ubongo na wa tezi dume waliopata pioni na wenzao waliopata fotoni za kawaida hayakuonyesha kuwa pioni iliwafaa zaidi. Mitambo yake nayo ilikuwa ghali mno. Leo hakuna mgonjwa anayetibiwa kwa pioni, iwe Ruiru au kwingineko. Fundisho linalobaki ni kwamba katika vituo vile vitatu, jambo ambalo mgonjwa alihitaji kuelezwa lilikuwa lilelile: kilichoingia mwilini kimekuwa nini?

Uchaguzi wa kitenzi

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Haiwezi kusemwa basi kwamba Kiswahili kinaanza patupu. Lakini istilahi iliyomo kamusini ni kama mbegu iliyomo ghalani: haijaota mpaka itumike katika sentensi. Tazama vitenzi vinavyoweza kutumika kwa tukio lililoelezwa hapo juu.

Kufyonza ni kazi ya nyuki na ya mtoto anyonyaye. Kinachofyonzwa huhama kutoka kitu kimoja hadi kingine bila kubadilika. Utomvu uliofyonzwa ungali utomvu. Kwa pioni, kitenzi hiki kinapotosha.

Kumeza kuna ila hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Mbuzi aliyemezwa na chatu yumo ndani ya chatu.

Kusharabu kunatokana na Kiarabu na kunahusiana na kunywa. Kimekwisha kuzoeleka katika maandishi ya sayansi, nacho kina faida moja: si neno la kila siku kwa wasemaji wengi wa bara, hivyo hakiji na picha nzito ya kitu kinachokaa ndani. Kinaweza kupewa fasili mpya bila kupigana na ile ya zamani.

Kuteketea kunaeleza vyema kwamba chembe imekwisha. Hata hivyo, kunaleta picha ya moto na majivu, na wapo wanaosema kwamba mgonjwa wa mionzi "amechomwa". Atakayesikia kuteketea atatarajia jivu, ilhali hapa hakuna jivu. Nishati yote ipo, imebadili mwenyeji tu.

Kutoweka ni safi, lakini hakusemi lolote kuhusu kilichofuata. Mchawi wa ngano hutoweka, na hakuna anayeulizwa hesabu.

Kugeuka ndicho kitenzi kinachotunza hesabu, kwa kuwa hulazimisha swali la pili: kimegeuka nini? Udhaifu wake ni kwamba hakimtaji aliyepokea.

Kutokana na mjadala huu, inapendekezwa kwamba tukio hili lisipewe kitenzi kimoja. Unasaji utumike kwa hatua ya pioni kushika mzingo. Mporomoko utumike kwa kushuka kwake ngazi kwa ngazi. Usharabu ubaki kuwa jina la hatua ya mwisho, kwa sharti kwamba fasili yake iseme waziwazi kuwa kinachosharabiwa hukoma na tungamo lake hugeuka nishati. Kwa mfano: usharabu wa pioni hasi ni tukio ambamo pioni iliyonaswa na atomi hukoma kuwapo ndani ya kiini, na nishati iliyokuwa katika tungamo lake hupewa wakazi wa kiini au hutoka kama mwale wa gama. Sentensi hiyo ni ndefu, lakini haimdanganyi msomaji.

Vilevile, yapo maneno mawili ambayo hayafai kuendelea kuchanganywa. Mwale ni ile nuru au chembe inayosafiri. Unururifu ni sifa ya kitu chenye viini visivyotulia, vinavyoendelea kutoa miale. Neno mionzi katika mazungumzo hubeba maana zote mbili, na hapo ndipo hofu ya mgonjwa inapozaliwa.

Hitimisho

Sasa jibu la yule mgonjwa linaweza kutolewa kwa Kiswahili. Iwapo alilazwa chini ya mashine inayomulika miale kutoka nje, basi miale hiyo ilipita au ilikoma papo hapo, ikampa mwili nishati yake, na mashine ilipozimwa hapakubaki chanzo cha mionzi ndani yake. Hajawa nururifu. Mjukuu na aje. Iwapo alidungwa dawa ya florini-18 ili apigwe picha, basi kwa muda yeye mwenyewe ni chanzo cha miale. Lakini kwa kuwa dawa hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili kasoro dakika 10, hadi kesho yake huwa haikubaki isipokuwa kiasi kidogo mno. Huyu huombwa asikae karibu sana na watoto na wajawazito kwa saa kadhaa. Na iwapo alipewa iodini-131, ambayo huchukua siku nane kupungua kwa nusu, au aliwekewa chanzo ndani ya mwili, basi masharti ni makali zaidi, na ya daktari ndiyo ya kufuatwa. Hali hizi tatu ni tofauti kabisa, na kitenzi kufyonza huzifanya zionekane kuwa moja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Urasmi huo hautatimia kwa hotuba za tarehe 7 Julai pekee, ambayo tangu UNESCO ilipoamua mwaka wa 2021 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Utatimia pale ambapo mwanafunzi wa isimu wa Kahawa na mwanafunzi wa fizikia wa Juja watakapoketi meza moja na kuandika, kwa ajili ya ukuta wa chumba cha kusubiria wagonjwa, karatasi ya ukurasa mmoja inayosema ni kipi kinachokoma, ni kipi kinachobaki, na kwa muda gani. Kati ya vyuo hivyo viwili ni mwendo mfupi wa matatu. Mgonjwa wa Makongeni hupita hapo kila anapokwenda kliniki.